Karatasi ya Kumi na Moja

Ofisi ya ardhi, Bukavu, ghorofa ya pili,
ambako dirisha halifungi tangu mwaka ule wa tetemeko,
mimi ndiye mwenye funguo za sanduku la bati.
Humo mabonde yamelala, yamekunjwa mara nne,
yananuka mafuta ya taa na mkojo wa panya.

Karatasi ya kumi na moja ni kwetu.
Mpimaji aliyeichora alibebwa kwa machela,
akasimama kilimani asubuhi moja ya ukungu,
akaona mafunjo tu. Akaandika: kinamasi.
Basi. Neno moja la wino mweusi
limelalia vizazi kumi kama gogo njiani.

Shangazi M'Kaheto alikuja mjini kutibiwa jicho,
akalala kwangu Kadutu siku tisa.
Siku ya nne nikamletea karatasi, kwa kuiba.
"Maji yako wapi?" Nikamwonyesha mstari wa buluu.
"Huu ni uzi. Mto wetu una magoti."
Na kwa kidole chenye ufa wa udongo usiotoka
akaanza kuyataja magoti ya mto:

Hapa ni Tua-Mzigo,
wanawake wa chumvi walikaa hapa wakatukana waume zao.
Hapa ni Ng'ombe-Kakataa, maji yanauma meno,
hata dume la babu yako liligeuka.
Hapa wamelala mapacha; ukipita, usipige mluzi.
Na huku juu, mikwinini ya kampuni, safu kwa safu,
tulibandua maganda machungu tangu alfajiri
kuponya homa za watu wa mbali.
Homa zetu zikabaki zetu.

Kidole kikasimama.
"Na kilima hiki?"

Kilima kidogo, mviringo, rangi ya kahawia,
kati ya mashamba ya akina Ntabugi na akina Cihyoka.
Nilisita, maana ni doa la kahawa.
Karani fulani, kabla yangu, kabla ya baba yangu,
alitua kikombe chake pale.
Na juu ya doa hilo koo mbili zimeshtakiana
miaka kumi na tisa, zimeuza mbuzi, zimeuza mabati,
posa imevunjika, ng'ombe wa mahari wamerudi kwa miguu
wakipita njia ileile waliyokuja nayo.

"Hakipo," nikamwambia.
Shangazi akacheka mpaka bandeji ikalowa.
Kisha akanyamaza, akaifuta karatasi kwa kiganja.
"Kipo sasa. Watu wamekilipia."

Usiku ule mvua iliigonga Kadutu kama mdai.
Asubuhi mfereji wetu ulikuwa umeshiba tope jekundu,
jiko la jirani limeteleza hadi kwa jirani wa chini,
sufuria bado juu ya mafiga.
Shangazi akainama, akachota tope, akalinusa,
kama mtu anayeletewa mtoto aulizwe ni wa nani.
"Si la kwetu," akasema. "La kwetu hung'ang'ania kidole."
Lakini hakulitupa upesi.

Amerudi kwa lori la viazi, na jicho moja.
Mimi nimebaki na penseli laini.
Ijumaa, mkuu akishuka kula sambaza na ugali,
nafungua sanduku, naandika jina moja,
hafifu, lisomeke kwa anayelitafuta tu.
Nimefika goti la tano.

La sita hakulitaja. Alilipitia haraka
kama unavyopita mlango wa unayemwia deni.
Niliuliza mara mbili. Mara ya pili akaomba chai.
Hapo nimeacha weupe.

Doa sijaligusa.